Mwaka Usio na Bingwa

Katika orodha ya mabingwa wa kandanda wa vyuo vya Marekani, orodha iliyoanza mwaka 1959, mna mwaka mmoja ambao nafasi ya bingwa imeachwa wazi. Mwaka huo ni 1971. Si kwamba fainali haikuchezwa. Ilichezwa mjini Miami, ikamalizika kwa mabao 3 kwa 2, watu wakashuhudia na walioshinda wakarejea kwao na furaha yao. Baada ya mwaka mmoja hivi akaja karani na kifutio. Waliofutwa walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha Howard, cha mjini Washington, na mwalimu wao alikuwa mtu wa kisiwani kama sisi, mzaliwa wa Trinidad, jina lake Lincoln Phillips.

Nimesema mwalimu, na nimesema kwa makusudi. Magazeti yetu yamezoea neno kocha, ambalo tumelipata kwa Waingereza, nao kabla ya kulipeleka uwanjani walilitumia kwa gari la kukokotwa na farasi, gari lililopewa jina la kijiji cha Kocs kule Hungaria. Katika karne ya kumi na tisa wanafunzi wa Oxford walianza kwa mzaha kumwita hivyo mwalimu wa kulipwa pembeni, yule anayembeba mwanafunzi mzito hadi ng'ambo ya mtihani, kama gari linavyombeba abiria aliyelala. Mzaha ukazoeleka, ukaingia katika michezo, na sasa hakuna anayeukumbuka. Lakini nenda Amaan siku ya mechi kubwa, usikilize watu wa majukwaani timu yao ikizidiwa. Hutasikia sana kocha. Utasikia, "Mwalimu kakosea leo," na, "Mwalimu, mtoe huyo!" Na neno chuo nalo, kabla halijawa jengo la kutolea shahada, kwa watu wa pwani lilikuwa ni kitabu chenyewe. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Kisha likawa jina la pale watoto wanaposomea Kurani. Kwa hiyo mtu wa pwani akiambiwa "mwalimu wa chuo" hamfikirii mtu mwenye filimbi shingoni. Mimi namwita Phillips mwalimu wa chuo kwa maana zote hizo, na msomaji akifika mbele atajionea kama nimezidisha.

Alizaliwa mwaka 1941, akasoma Queen's Royal College ya Port of Spain, skuli ya serikali ya kikoloni iliyowapitisha pia C.L.R. James, Eric Williams na V.S. Naipaul. James ndiye aliyeandika Beyond a Boundary, kitabu cha mwaka 1963 kinachoutazama mchezo wa kriketi kama mahali ambapo mtu wa koloni alijifunza sheria za bwana wake na kumshinda kwa sheria hizohizo. Sijui kitabu kingine cha michezo kinachostahili zaidi kusomwa na washairi. Phillips hakuwa mtu wa vitabu kwa namna hiyo. Alikuwa golikipa, mrefu, mwenye mikono ya kutisha, na watu wakamwita Tiger. Alikuwa langoni Trinidad na Tobago ilipopata medali ya shaba katika Michezo ya Mataifa ya Amerika ya mwaka 1967 huko Winnipeg, Kanada. Mwaka uliofuata akaitwa Marekani kucheza mpira wa kulipwa katika timu ya Baltimore Bays, kisha akahamia Washington Darts, na hapo akawa kipa na mwalimu kwa wakati mmoja. Hutajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kufundisha timu ya mpira wa kulipwa nchini humo.

Golikipa akiwa mwalimu huwa na faida moja ambayo washambuliaji hawana. Amekaa miaka yote nyuma ya wenzake, akiwaona migongo yao, akijua nani hurudi na nani hujifanya kachoka. Mchezaji wa mbele huukumbuka mpira. Kipa huikumbuka timu.

Mwaka 1970 alichukua timu ya Howard. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya kwisha kwa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kwa ajili ya kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani, na kikawa mama wa wanasheria, madaktari na waandishi wao. Mpira wa miguu haukuwa mgeni pale. Howard ilishawahi kuchukua ubingwa wa chama kidogo cha vyuo, NAIA, mwaka 1961. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu: Mmarekani mweusi wa siku zile alicheza mpira wa kikapu na ule wao wa kukumbatia, ila Howard ilikuwa imejaa wageni, wana wa visiwa vya Karibi na wana wa Afrika, ambao walifika na mpira miguuni. Tukumbuke kwamba hizo zilikuwa ndizo zama za safari za wanafunzi wetu kwenda Marekani. Ndege ya kwanza ya Tom Mboya ilitua huko mwezi wa Septemba 1959 ikiwa na vijana 81 kutoka Kenya.

Mji wa Washington wa miaka ile ya sabini ulikuwa na watu wa ajabu. Léon-Gontran Damas wa Guyane, mmoja wa wale watatu walioasisi ushairi wa Négritude pamoja na Senghor na Césaire, alikuwa akifundisha Howard, na alifia mjini humo mwaka 1978. C.L.R. James mwenyewe, baada ya kufukuzwa Marekani katika miaka ya hamsini, alikuwa amerejea na anafundisha katika chuo kingine mjini humohumo. Sisemi kwamba wazee hawa walikwenda kutazama mpira. Nasema tu kwamba timu ya Phillips haikuota jangwani. Vijana wa Trinidad, Jamaica, Guinea, Nigeria na Ghana walikuwa wakifanya kwa miguu, katika uwanja uleule mmoja, lile jambo ambalo Damas na wenzake walikuwa wamelifanya kwa beti huko Paris tangu miaka ya thelathini: kukusanya waliotawanywa.

Kazi ya kuwakusanya haikuwa rahisi, na hapa ndipo ualimu unapoonekana. Mtrinidad hucheza kwa madaha, hupenda kuuchezesha mpira hata pasipo haja. Wa kutoka Guinea kalelewa na Kifaransa. Wa Nigeria ana nguvu na haraka. Kila mmoja kwao alikuwa nyota, na mpira kauokota mahali pake. Kuwafanya wapige pasi moja yenye maana moja ni kazi ambayo mtu aliyewahi kufasiri ataitambua. Na mbele yao alikuwapo mpinzani ambaye hakuwa na taabu hiyo hata kidogo. Chuo cha Saint Louis, cha Wajesuti, kilikuwa kimetwaa ubingwa mara 8 kati ya mwaka 1959 na 1970, mara moja kwa kugawana. Wachezaji wake wengi walitoka katika mji wao wenyewe, watoto wa parokia za Kikatoliki waliocheza pamoja tangu wakiwa wadogo. Wanajuana hata kwa kukohoa. Hao ndio Howard waliowafunga 3 kwa 2 mwezi wa Desemba 1971.

Chuo cha watu weusi kilikuwa hakijawahi kutwaa ubingwa wa daraja la juu wa NCAA, kile chama kikubwa cha michezo ya vyuo, katika mchezo wowote. Furaha haikudumu. Malalamiko yalifika kwa wakubwa wa chama, uchunguzi ukafanywa, na mwezi wa Januari 1973 hukumu ikatoka: ubingwa wa 1971 umefutwa, nafasi ya tatu ya 1970 nayo imefutwa, na Howard itumikie kipindi cha adhabu ambacho hakitairuhusu kucheza mashindano ya mwisho wa msimu.

Makosa yaliyotajwa yalikuwa ya namna mbalimbali, nami sitaki kuyachanganya yote katika chungu kimoja. Kulikuwa na kanuni iliyotaka kila mwanafunzi akadiriwe kabla ya kuingia, kwa mitihani ya Kimarekani, kwamba atapata wastani usiopungua alama 1.600. Vijana wa ng'ambo hawakuwa wamefanya mitihani hiyo. Walikuja na vyeti vya Cambridge au vya kwao. (Kanuni yenyewe NCAA iliiacha mwaka uleule wa 1973. Aliyeadhibiwa kwayo hakurudishiwa kitu.) Kulikuwa na kanuni ya miaka mitano, kwamba mwanafunzi amalize kucheza ndani ya miaka mitano tangu siku alipojiandikisha chuo cha kwanza. Na kulikuwa na kanuni ya wageni. Hii ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Kanuni ya wageni ilisema hivi kwa ufupi: mwanafunzi asiye raia, aliyeshiriki mashindano yaliyoandaliwa katika nchi ya kigeni baada ya kutimiza miaka 19, kila miezi 12 ya kucheza huko itahesabiwa kuwa ni mwaka mmoja wa kuchezea chuo. Na kwa kuwa haki ya kuchezea chuo ilikuwa ya miaka michache tu, kijana aliyecheza klabu ya mtaani kwao mpaka akafika miaka 22 au 23, alifika Marekani akiwa tayari kazeeka kwa karatasi. Hajagusa mpira wa chuo hata siku moja, lakini vitabu vinasema kamaliza. Mmarekani aliyecheza timu ya mtaa kwao Missouri hadi umri huohuo hakuhesabiwa kitu.

Mtu aliyeitunga kanuni hii alikuwa na picha moja kichwani mwake: mtoto anaanza skuli na miaka 6, anamaliza na miaka 18, anaingia chuo mwezi wa Septemba. Anayefika baada ya hapo ana hila. Lakini maisha ya watu wengi wa dunia hayakupangwa hivyo. Twende Nyakunguru, katika nchi ya Wakurya, Mkoa wa Mara, kule ambako Tarime na Serengeti zinapokaribiana. Mtoto wa kiume wa vijiji vile, katika miaka hiyo ninayoizungumzia, kwanza alikuwa mchungaji. Ng'ombe ndio mali, ndio mahari, ndio heshima ya boma, na mchunga ng'ombe ni mtoto. Skuli ilisubiri mpaka mdogo wake akue ashike fimbo. Akianza darasa la kwanza na miaka 9 au 10, na akikatizwa njiani kwa sababu ya ada au msiba, atamaliza sekondari akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Ukimwuliza umri wake mzee wa huko hakutajii mwaka wa Wazungu. Anakutajia rika, wale aliotahiriwa nao, na hilo halina shaka wala halighushiki, maana kijiji kizima kilikuwapo. Hata sisi visiwani hatukuwa mbali na hesabu hizo. Wazee wetu walikuwa wakisema fulani ni mtoto wa mwaka wa vita vya ng'ombe, na kila mtu akafahamu kwamba ni 1951, ile ghasia ya Kiembesamaki. Si ujinga. Ni kalenda yenye mashahidi.

Mkoa huohuo wa Mara ulitoa mfano ambao Wamarekani waliuona kwa macho yao. Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Alikwenda kusoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, chini ya mwalimu Ted Banks, akiwa mtu mzima. Akachukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mara ya mwisho alikuwa na miaka 29. Katikati ya hapo alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, na mwaka 1981 akaweka rekodi ya dunia ya masafa hayo ndani ya ukumbi. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Akaishia naye kuwa mwalimu wa riadha. Ukimweka Nyambui mbele ya ile picha ya mtoto wa miaka 18 na begi lake, utafahamu kwa nini waalimu wengine wa Kimarekani walikuwa wakinung'unika, na utafahamu pia kwa nini manung'uniko hayo hayakuwa na haki kamili. Nyambui hakuchelewa kwa hila. Njia ya kutoka Majita hadi El Paso ndiyo iliyokuwa ndefu.

Hapa msomaji ana haki ya kunikatiza. Ataniambia: Wewe bwana, vijeba huvijui? Ninavijua. Neno lenyewe ni letu, halihitaji tafsiri. Hakuna mashindano ya skuli zetu, bara wala visiwani, yaliyomalizika bila mtu kumnyooshea kidole beki mwenye sauti nzito aliyeandikishwa kuwa na miaka 15. Timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, ilifuzu kwenda fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, na ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Ilikuwa aibu, na ilistahili. Mtoto wa kweli wa miaka 16 aliyenyimwa nafasi ile alidhulumiwa na watu wake mwenyewe.

Lakini kijeba ni mtu anayeficha umri wake katika mashindano ya umri. Mpira wa chuo si mashindano ya umri; ni mashindano ya wanafunzi. Wachezaji wa Howard waliadhibiwa kwa miaka iliyoandikwa wazi, waliyoishi kihalali katika nchi zao, na kwa hesabu ambayo mwenzao wa Kimarekani aliyekaa darasa moja nao hakuhesabiwa. Jambo hili Howard ililipeleka mahakamani. Mwaka 1973 Jaji Gerhard Gesell wa mahakama ya wilaya mjini Washington alikubali kwamba kanuni ya wageni ilikuwa kinyume na katiba ya Marekani, kwa kuwa ilibagua kati ya mgeni na raia bila sababu ya kutosha. Ila kwa kanuni zile nyingine, ya 1.600 na ya miaka mitano, aliona zimevunjwa na zina nguvu ya sheria, na hizo peke yake zilitosha kuibakiza adhabu. Mahakama ya rufaa ilikuwa na maoni hayohayo mwaka 1975.

Basi Howard ilishinda hoja ikashindwa kesi. Wako wanaosimulia kisa hiki kana kwamba chuo hakikuwa na doa lolote, na mimi siwafuati. Wakubwa wa chuo walizembea karatasi. Mwalimu ambaye wachezaji wake wanatoka nchi tano anatakiwa awe na karani mmoja hodari kuliko washambuliaji wake wote, na Howard hawakuwa naye. Lakini pia siwezi kulisahau lile ambalo jaji alilitamka. Kanuni iliyowachafua vijana wale kwa jina la ujanja ndiyo iliyokutwa na ubaguzi ndani yake, na wakati ilipotamkwa hivyo jina lilikwisha kufutwa. Kanuni mpya ilipitishwa na NCAA mwaka 1980, ikihesabu miaka baada ya umri wa 20, na safari hii iliandikwa kwa ajili ya wote, raia na wageni. Ilikuwa na ustaarabu zaidi wa maneno. Waliobanwa nayo zaidi ni walewale, na kesi zikaendelea kuletwa mahakamani katika miaka ya themanini na wanafunzi wa ng'ambo.

Turudi kwa mwalimu. Mwaka 1973 Phillips alikuwa na timu nzuri isiyokuwa na mahali pa kwenda. Hili nadhani ndilo jaribio kubwa kuliko fainali yoyote. Vijana wanafanya mazoezi, wanacheza, wanashinda, na mwisho wa msimu wanafunga daluga kwenye magazeti wakijua kwamba wengine wanakwenda kugombea walichonyang'anywa wao. Saint Louis walichukua ubingwa mwaka 1972 wakachukua tena 1973, wakafikisha mara 10. Mwalimu mwingine angeondoka. Kazi ya mpira wa kulipwa aliijua. Au angewafundisha vijana wake kununa, kazi ambayo ni nyepesi na ina wanafunzi wengi.

Alichokifanya ni kuwapa mstari wa shairi. Sitanii. Kauli-mbiu ya timu ya 1974 ilitoka katika shairi la William Cullen Bryant, Mmarekani mweupe wa karne ya kumi na tisa, linalohusu medani ya vita. Ni mstari juu ya ukweli na hatima yake ukishakanyagwa, ambao Martin Luther King alikuwa ameufanya mali ya umma kwa kuurudia katika hotuba zake. Phillips aliuchukua huko, si kwenye diwani. Nasikia wapo wenzetu katika fani hii wanaohuzunika kwamba ushairi haufanyi kitu duniani. Mstari ule ulitungwa Marekani, ukapita kwenye kinywa cha mchungaji wa Georgia, ukaingia chumba cha kuvalia jezi, ukakariririwa na kijana wa Nigeria aliyekuwa hamjui Bryant wala hana haja ya kumjua. Hivyo ndivyo methali zetu zinavyosafiri. Mwenye kuitunga kasahaulika zamani.

Msimu wa 1974 Howard ilicheza mechi 19 ikashinda 19. Fainali iliwekwa Busch Stadium, katika mji wa St. Louis, na aliyefika upande wa pili alikuwa Saint Louis yenyewe, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Waamuzi wa bahati hawangeweza kupanga vizuri zaidi. Dakika za kawaida zilikwisha kwa bao 1 kwa 1. Ikaongezwa muda, ukapita. Ukaongezwa tena. Katika kipindi cha nne cha nyongeza Kenneth Ilodigwe wa Nigeria akatia bao la pili, na mambo yakaishia hapo. Ubingwa huu haukuguswa na mtu. Ndio unaoandikwa kuwa ubingwa wa kwanza wa NCAA wa daraja la juu kutwaliwa na chuo cha watu weusi, kwa kuwa ule wa kwanza kwa kweli umefutwa.

Yaliyobaki nitayapitia upesi, ingawa ni miaka mingi. Phillips alifundisha Howard hadi mwaka 1980. Hesabu yake pale ni mechi 116 alizoshinda, 19 alizoshindwa na 11 za sare. Alifundisha baadaye Virginia Commonwealth, akawafunza makipa, na katika miaka ya 2000 alirudi kwao Trinidad kuwa mkurugenzi wa ufundi wa chama cha mpira, zama zilezile ambazo kisiwa chake kilicheza Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, nchi ndogo kuliko zote zilizokuwa zimewahi kufika huko mpaka siku hizo. Mwaka 2016 Spike Lee alikuwa miongoni mwa waliotoa filamu fupi juu ya timu zile mbili, na kizazi ambacho hakikuzaliwa wakati huo kikajua kwamba palikuwa na mwaka 1971.

Timu za vyuo Marekani leo zimejaa vijana wa Kiafrika na wa Karibi, na hakuna anayeshangaa. Mwalimu akipata mshambuliaji Mghana humshukuru Mungu na kumpigia simu mwanasheria wa chuo aangalie karatasi. Kazi hiyo ya pili ilijifunzwa kwa gharama ya Howard. Katika orodha ya NCAA nafasi ya 1971 ingali wazi. Saint Louis hawakupewa, na kwa heshima yao sijasikia kwamba waliitaka.

Mwaka 2014 Phillips alitoa kitabu cha maisha yake, Rising Above and Beyond the Crossbar. Nimelijaribu jina hilo kwa Kiswahili mara kadhaa, nami si mgeni katika kazi hii. Ule mti wa juu wa goli, ambao kipa huupiga kwa kiganja kabla ya mechi kuanza ili ajue uko wapi, kwa Kiswahili cha mpira huitwa mwamba. Lakini kwa msomaji wa pwani, kabla hajafika uwanjani, mwamba ni ule wa baharini, unaojificha chini ya maji yakijaa, na nahodha mgeni huujua pale tu chombo kinapokwaruza. Nikiandika "Juu ya Mwamba" watu wataona mtu aliyepanda jiwe. Nikiandika "Kuuvuka Mwamba" wavuvi watanielewa na wachezaji watanicheka. Rasimu zote mbili bado ziko mezani.